Kipya Kinyemi: Uhakiki wa Falsafa ya Alexey Brodovitch

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hii inafaa kumpimia Alexey Brodovitch, aliyekuwa mkurugenzi wa sanaa wa jarida la mitindo la Harper's Bazaar nchini Marekani kuanzia 1934 hadi 1958. Kazi ya mkurugenzi wa sanaa ni kuamua picha ipi iingie, ikatwe wapi, na maneno yakae upande gani wa ukurasa. Brodovitch aliifanya kazi hiyo kwa imani moja: picha isiyomshangaza msomaji haina sababu ya kuchapwa.

Imani hiyo ilijengwa juu ya agizo moja, nishangaze. Katika darasa lake lililoitwa Design Laboratory, alilolianzisha 1933, hakuwapa wanafunzi kanuni za kufuata. Aliwakataza kupiga picha ya kitu ambacho macho yao yalikwisha kukiona kwa namna ileile. Richard Avedon na Lillian Bassman ni miongoni mwa wapigapicha waliolelewa na agizo hilo. Hata hivyo, agizo lenyewe si lake. Sergei Diaghilev, kiongozi wa kundi la Ballets Russes, ndiye aliyemwambia hivyo Jean Cocteau. Brodovitch, mzaliwa wa Urusi aliyekimbilia Paris baada ya mapinduzi, alilipakia rangi kundi hilo mapazia ya jukwaani kabla ya kuhamia Marekani 1930. Basi mtu aliyekataza marudio aliishi kwa kurudia neno la mwingine. Simlaumu kwa hilo. Ninaanza kuitilia shaka kanuni yenyewe.

Mafanikio yake hayana ubishi. Kabla yake, kurasa nyingi za majarida zilijazwa kama gunia la mahindi: picha ndani ya fremu, maandishi yakiizunguka pande zote. Brodovitch aliacha sehemu kubwa ya karatasi ikiwa nyeupe. Aliikata picha hadi mwili uegemee ukingo wa ukurasa, kisha akayapanga maneno yaufuate mkao wa mwili huo. Weupe ulifanya kazi ya kituo katika ushairi: palipo kimya, neno linalofuata husikika zaidi. Hapa mshangao ulitokana na kupunguza.

Tatizo linaonekana tukiuliza mshangao huo unamtumikia nani. Tuchukue picha maarufu ya Avedon ya 1955, iliyotolewa na jarida hilo wakati wa uongozi wa Brodovitch. Mwanamitindo Dovima amesimama baina ya ndovu, kwenye jengo la sarakasi la Cirque d'Hiver mjini Paris, akiwa amevaa gauni jeusi la Dior lenye mshipi mweupe mrefu. Ngozi iliyokunjamana inakutana na kitambaa laini, nasi tunashangaa kweli. Lakini ukitazama chini, utaona minyororo kwenye miguu ya ndovu. Haikufichwa. Ni jicho letu lililoivuka, kwa sababu mshangao umelielekeza kwingine, kwenye gauni. Hicho ndicho kidonda ndani ya kinyemi. Falsafa ya kushangaza inauliza kama kitu ni kipya. Haiulizi kimegharimu nini, wala nani amelipa. Na kwa jarida la mitindo, upya ndio bidhaa yenyewe: gauni la mwaka huu lazima lilizeeshe la mwaka jana.

Kinachonishawishi zaidi ni ushahidi alioutoa Brodovitch mwenyewe. Kati ya 1935 na 1937 alipiga picha za makundi ya dansi yaliyokuja New York, akitumia kamera ndogo na mwanga wa jukwaani tu. Mwaka 1945 zilitoka katika kitabu kiitwacho Ballet, chenye picha 104 za dansi 11. Picha hizo zina ukungu, chembechembe na taa zinazochoma jicho. Wataalamu wa wakati ule wangeziita zilizoharibika. Zinajaza ukurasa bila ukingo mweupe, moja ikiungana na jirani yake hadi mchezaji mmoja anaonekana kuingia katika mwendo wa mwenzake.

Hapakuwa na gauni la kuuza katika kitabu hicho. Na hapo, bila shinikizo la toleo lijalo, mhubiri wa upya alifanya kinyume cha mahubiri yake: alirudi. Alirudi kwenye jukwaa, kwenye wachezaji, kwenye sanaa aliyoijua tangu ujana wake Paris. Upya wa picha zile ulizaliwa na mazoea ya muda mrefu.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaifahamu mizani hii. Katika mjadala wa mashairi ya mapokeo na mashairi huru, tumezoea kumpongeza aliyevunja vina na kumwona aliyevihifadhi kuwa mtu wa jana. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 alishangaza, lakini mshangao peke yake usingetosha kutufanya tuendelee kumsoma mpaka leo. Swali la Brodovitch, je, hiki nimekwisha kukiona, ni swali zuri la kuanzia uhakiki. Linahitaji mwenzake: je, nimekitazama vya kutosha? Picha ya Dovima hujibu la kwanza papo hapo. La pili hulijibu yule tu anayerudi na kutazama miguuni.