Ukoo Ulioitwa Kutoa Ushahidi

Ukishuka kutoka Katito, kwetu Nyanza, kuelekea ziwani, mashamba yana mipaka na namba, na kila namba ina jina la mtu. Mara nyingi ni jina la babu aliyekwisha kufariki. Ukoo, uliokuwa mwenye ardhi kabla ya jina hilo kuandikwa, haumo kwenye rejista.

Mwaka 1968 Bunge la Kenya lilipitisha sheria mbili za ardhi, tuseme pacha. Ya kwanza ndiyo iliyotumika kwetu Nyanza. Afisa wa serikali aliteua kamati ya wakazi wasiopungua 10, wanaojua mila na mipaka. Walisema nani analima wapi tangu lini, orodha ikawekwa wazi siku 60 kwa wenye pingamizi, kisha hati zikatolewa. Kamati ikavunjika. Hili ndilo linaloniuma: ukoo uliitwa utoe ushahidi, na ushahidi wake wenyewe ukaufuta. Mwaka 1972, katika kesi ya Obiero dhidi ya Opiyo, mahakama ilishikilia kwamba haki za kimila ambazo hazikuandikwa kwenye rejista hazimfungi mwenye hati. Ilichukua hadi 2018 kwa Mahakama ya Juu, katika kesi ya Kiebia dhidi ya M'Lintari, kukubali kwamba hati ya mtu mmoja inaweza kubeba amana ya kimila ya jamaa zake. Lakini amana hiyo lazima ithibitishwe mahakamani, kesi moja moja, kwa gharama ya anayedai.

Pacha wa pili alikwenda kwa wafugaji. Aliruhusu kundi kumiliki ranchi kupitia wawakilishi 3 hadi 10. Udhaifu ulikuwa hapo hapo: hati ilikaa mikononi mwa wachache, na ranchi nyingi ziligawanywa, nyingine zikauzwa bila wanachama wote kujua.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 iligeuza mpangilio. Jamii husajiliwa kwanza, kwa daftari la majina na kanuni zake, ndipo ardhi ipate hati. Mamlaka yako kwa mkutano mkuu wa watu wazima wote, na akidi yake ni theluthi mbili. Kamati ya watu 7 hadi 15 husimamia tu. Kuiuza ardhi kunahitaji theluthi mbili ya wanachama watu wazima wote waliosajiliwa, si ya waliohudhuria. Tofauti hiyo ya maneno machache ndiyo kufuli lenyewe. Ni kweli kwamba kuwakusanya wafugaji wengi hivyo wakati wa kiangazi ni kazi ngumu. Hata hivyo naitetea akidi hiyo, kwa sababu ranchi za zamani zilipotea kwenye mikutano ya watu wachache.

Australia walianzia upande mwingine. Baada ya hukumu ya kesi ya Mabo ya 1992 na sheria iliyoifuata ya 1993, haki ya wenyeji wa asili juu ya ardhi hutambuliwa kwanza, kisha wenyeji hulazimika kuunda shirika la kuishika au kuiendesha kwa niaba yao.

Hapa Kenya, jamii isiyosajiliwa hushikiwa ardhi na kaunti. Ardhi hiyo ikitwaliwa kwa mradi wa umma, fidia huwekwa kwenye akaunti yenye riba, ikisubiri jamii ijiandikishe. Katito hakuna wa kusubiriwa hivyo: fidia humfuata mwenye jina kwenye rejista, na kama ni babu aliyefariki, wajukuu huanzia kwenye kesi ya mirathi.