Kusikiliza Injini Isiyo na Pistoni

Fundi anayeijua vizuri Mazda RX-7 haanzi kwa kufungua boneti. Huomba aikute injini baridi, haijawashwa tangu jana, kisha anakwenda kusimama nyuma ya gari wakati mwenyewe anapiga starta. Macho yako kwenye ekzosi. Moshi wa bluu unaotoka kidogo ukapotea unampa habari za sili za oili zilizochoka. Moshi mweupe unaong'ang'ania, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanayopenya hadi kwenye moto, na hapo ukaguzi unaweza kuishia. Muuzaji aliyekwisha kuipasha injini kabla mnunuzi hajafika, naye amejibu swali ambalo hajaulizwa.

Ninazungumzia kizazi cha tatu cha RX-7, kinachojulikana kwa herufi FD, kilichotengenezwa kuanzia 1991 hadi 2002. Kampuni ni ileile ya Hiroshima iliyotuletea Demio zilizojaa Nairobi na Dar es Salaam, lakini undugu wao unakomea kwenye nembo. FD ina injini ya rota mbili, ujazo wa sentimita za ujazo 1,308 tu, na turbo mbili zinazopokezana kazi. Nguvu zake zilianzia farasi 255, zikafika 280 katika miaka ya mwisho. Huku kwetu ni nadra kuiona, na Kenya, isiyopokea mtumba uliozidi miaka 8, imeshaifungia mlango wa kawaida. Mafundi wake wa kweli wako zaidi Japani, katika gereji ndogo ambazo hazishughulikii injini nyingine yoyote, na wengine wametawanyika Marekani, Uingereza na Australia.

Humo ndani hamna pistoni wala vali. Kuna rota, sambusa ya chuma yenye mbavu zilizofura, inayozunguka ndani ya kasha lenye kiuno. Rota ikimaliza mzunguko mmoja, shafti imezunguka mara tatu. Kila upande wa rota unavuta hewa na petroli, unabana, unalipuliwa na kutoa moshi kwa zamu yake. Kinachozitenganisha pande hizo tatu ni sili za ncha, vipande vyembamba vya chuma vyenye unene wa milimita 2, vinavyosukumwa na springi ndogo ili visiachane na ukuta wa kasha. Uhai wa gari zima umekaa juu ya vipande hivyo.

Wajapani walivipigania. Mazda ilipata kibali cha kutengeneza injini hii kutoka kwa NSU ya Ujerumani, iliyoshirikiana na Felix Wankel aliyeibuni, na mwaka 1963 Kenichi Yamamoto akakabidhiwa kikosi cha wahandisi kuifanya ifae barabarani. Walikuta sili za ncha zinatetemeka na kuuchana ukuta wa kasha kwa mistari waliyoiita kucha za shetani. Walijaribu vitu vingi hadi wakapata mchanganyiko wa kaboni na aluminiamu uliotulia, na mwaka 1967 Cosmo Sport ikaingia sokoni. NSU ilitoa Ro 80 mwaka huohuo, na injini zake zilizochoka mapema ziliiumiza vibaya. Mafundi wa Japani wanaorithi kazi ya Yamamoto bado wanahangaika na ukuta uleule na ncha zilezile, ila sasa wanahangaika nazo gari moja baada ya jingine.

Ndiyo maana kupima kompresheni ni ibada. Kipimo cha gereji ya kawaida hakifai, kwa kuwa kina kivali kinachoshika pigo kubwa kuliko yote na kulionyesha hilo peke yake. Upande mmoja mzima wa rota utawafichia aibu wenzake wawili. Kipimo maalumu husoma pande zote tatu, kila mmoja peke yake, kisha hufanya hivyo kwa rota ya pili. Injini iwe imepata moto, betri iwe na nguvu, starta izungushe karibu mara 250 kwa dakika. Namba nzuri zinakaribia kilo 8.5 kwa sentimita ya mraba. Zikishuka chini ya 7, au pande za rota moja zikipishana kwa zaidi ya 1.5, kuna kazi. Namba zenyewe lazima zirekebishwe kulingana na kasi ya starta na mwinuko wa mahali: injini ileile ingepimwa Nairobi ingeonekana dhaifu kuliko ikipimwa Mombasa. Asiye na kipimo hicho huondoa kile kivali, akashika geji kwenye tundu la plagi na kutega sikio. Fu, fu, fu, zilizolingana. Pumzi moja ikikosa nguvu, sikio lililozoea linaikamata kabla ya mshale.

Kuna jambo linalowashtua wageni: injini hii inakula oili na imetengenezwa ile. Pampu ndogo hupeleka matone ya oili ndani ya kasha ili sili za ncha zisisuguane kavu na ukuta. Mwenye gari asiyefunua kijiti cha oili mara kwa mara ataijua njaa hiyo siku ya msiba. Waangalifu zaidi humimina pia kiasi kidogo cha oili ya tu-stroki, ile ya mashine za boti, ndani ya tangi la petroli. Ubishi kuhusu oili gani ni bora hauishi; mimi ningemwamini zaidi anayebadilisha oili mapema kuliko anayejua kuitetea chapa yake.

Maji ndiyo adui aliyejificha. Injini imeundwa kwa tabaka zilizobanwa pamoja na bolti ndefu, sahani za chuma kizito zikipishana na makasha ya aluminiamu. Metali hizo mbili hazitanuki sawa, na kati yake kuna mipira myembamba inayozuia maji yasiingie penye moto. Gari likichemsha mara moja tu, mipira hiyo inaweza kukata tamaa. Ubaya ni kwamba mshale wa joto wa FD hupanda hadi katikati ukakaa palepale wakati joto linaendelea kupanda. Ukija kusogea, umechelewa. Fundi mzuri kwa hiyo hufunga geji nyingine ya kweli, na hulitupa lile tangi dogo la plastiki la kutenga hewa na maji, ambalo uzee hulipasua, akaweka la aluminiamu. Kisha hufungua kifuniko cha maji injini ikiwa baridi, akaomba iwashwe, akatazama. Mapovu yasiyoisha ni habari mbaya.

Chini ya manifoldi ya kuingiza hewa kuna msitu wa mipira myembamba ya vakyumu na vali za umeme. Huko ndiko zinakopangwa zamu za turbo: ya kwanza hufanya kazi peke yake, na karibu na mizunguko 4,500 ya pili inajiunga. Joto hukausha mipira hiyo hadi inavunjika ikiguswa vibaya. Mafundi wenye haraka huing'oa yote na kuzifanya turbo mbili zifanye kazi pamoja tangu mwanzo. Gari litakwenda, sikatai, lakini litakuwa limepoteza ule wepesi wa chini ambao wahandisi waliutolea jasho. Ninamvulia kofia anayebadilisha mpira mmoja mmoja kwa silikoni, akiweka alama kila unakotoka na unakokwenda, kisha akaenda barabarani na geji ya msukumo: baa 0.7, unashuka kidogo wakati wa kupokezana, unarudi 0.7. Akiona hivyo, msitu umetii.

Wanaoua injini hizi kwa kawaida ni wapenzi wake. Kijana anafunga ekzosi pana kwa ajili ya mlio, njia ya moshi inakuwa nyepesi, turbo zinasukuma zaidi ya vile vali ya kupunguza msukumo inavyoweza kuzuia, na petroli haitoshi. Mlipuko unakuja kabla ya wakati wake, sili ya ncha inavunjika, na kipande kinatoka kwa njia ya moshi kikipiga mapanga ya turbo njiani.

Hapo injini inashushwa. Kwenye meza, fundi anasafisha mifereji ya sili hadi masizi yaishe, anakagua kingo za kasha kama kromu imeanza kubanduka, na anapima mchezo wa shafti hadi uwe kati ya milimita 0.04 na 0.07. Asipoupata, anafungua tena, anabadilisha spesa kwa nyingine yenye unene tofauti, anafunga na kupima upya. Mazda yenyewe imerudi kutengeneza baadhi ya vipuri vya FD, jambo lililowapa pumzi watu hawa. Injini mpya haipewi msukumo wa turbo katika kilomita zake za mwanzo, hata mwenyewe akisihi.

Naye anayenunua ana jaribio moja la mwisho ambalo halihitaji kifaa. Baada ya kuendesha hadi injini iive, aizime, asubiri dakika kadhaa, aiwashe tena. Kompresheni iliyochoka hujificha kwenye baridi, lakini kwenye joto huumbuka. Starta ikizunguka, ikazunguka, ndipo injini ikashika shingo upande, bei anayotajiwa inapaswa kupunguzwa gharama ya kuishusha.