Kicheko cha Stendi na Tafsiri ya Mwalimu

Katika stendi ya Bunda, nilimwona mtu mzima mwenye mvi akiigiza mwendo wa kiwete aliyekuwa akipita. “Hicho kinakuja!” alisema, na waliosubiri gari wakacheka. Mtoto huuliza kwa kuwa hajui. Mtu mzima hudhihaki ilhali anajua. Kwa nini?

Nilipofika Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922, niliikumbuka tafsiri yake ya Shakespeare, iliyotoka 1963 na kurekebishwa 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Humo Kaizari ana kifafa, na sikio lake la kushoto halisikii. Casca anawasimulia wenziwe kwa dhihaka jinsi Kaizari alivyoanguka sokoni akitokwa na povu. Brutus anautaja ugonjwa ule pasi na kejeli. Cassius analidaka jina lake na kuligeuza fumbo: wenye maradhi ya kuanguka ni sisi, si yeye.

Hapo siri imefichuka. Cassius anamcheka Kaizari kwa kuwa anauogopa unyonge wake mwenyewe. Dhihaka ni hirizi ya mwoga, nayo haifanyi kazi faraghani, yataka mashahidi. Yule wa Bunda angekuwa peke yake, asingechechemea. Basi waliocheka, na mimi niliyenyamaza, tulikuwa nusu ya mchezo.

Yamkini msomaji atailaumu lugha, kwani kipofu, kiziwi na kiwete wamevikwa kiambishi cha kiti na kisu. Sivyo. Sarufi yetu husema kipofu amekuja, si kimekuja. Huurejesha utu katika kitenzi. Mdhihaki ndiye aupokonyaye. Na kitu hakihurumiwi: katika tamthilia, kicheko kilitangulia majambia, nasi Kanda ya Ziwa, katika miaka ya 2000, tuliwasikia watu wenye ualbino wakiitwa “dili” huku wakiuawa.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imetanguliza neno “watu”. Ni vyema, lakini stendini hakuna hakimu. Aghalabu twamkanya mdhihaki kwa methali: hujafa hujaumbika. Ni kweli tupu, ila yamtisha kwa hofu ile ile iliyomchekesha. Afadhali kumnyima hadhira, na kumsahihisha sarufi kwa sauti ya kusikika: si kinakuja, mzee wangu, anakuja. Neno hilo sikulisema siku ile, na deni lake ninalo.