Mbio za Nyumbani Thelujini

Asiyeizoea theluji huiona nyeupe na baridi, basi. Anayeshindana kwa skii katika mbio za masafa marefu huona aina nyingi. Theluji kavu iliyoanguka alfajiri haina tabia moja na ile iliyoyeyuka mchana ikaganda usiku, na theluji ya karibu na nyuzi 0 humsumbua hata fundi mzoefu. Katika mtindo wa kale, ambapo skii hupita ndani ya mifereji miwili iliyochongwa njiani, ncha na mkia wa skii hupakwa nta ya kutelezea. Sehemu ya kati, chini ya mguu, hupakwa nta ya kushika, ili mtu ajisukume mlimani bila kurudi nyuma. Nta ya kushika ikizidi, theluji hung'ang'ania skii. Ikipungua, mshindani hupanda kwa nguvu za mikono tu. Kipimajoto husaidia, lakini hakiwezi kusema ni kona gani hukaa kivulini mpaka adhuhuri. Jambo hilo hujulikana kwa kupita hapo mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana nasema ufundi huu hujidhihirisha zaidi katika mbio za nyumbani, na furaha ya mbio hizo hutokana na ufundi huo kabla ya kutokana na vigelegele.

Tazama Vasaloppet ya Uswidi: kilomita 90 kutoka Sälen hadi Mora, Jumapili ya kwanza ya Machi, tangu 1922. Mshindi wa kwanza, Ernst Alm, alitumia zaidi ya saa 7 na nusu. Nils Karlsson, aliyeitwa Mora-Nisse, alishinda mara 9, naye alikuwa mwanachama wa klabu ya Mora, mji ambako mbio humalizikia. Mtu atasema ukaribu ulimbeba. Mbona basi mwaka 1948 alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya kilomita 50 huko St. Moritz, Uswisi? Nguvu alikuwa nazo popote. Nyumbani aliongeza kujua wapi azitumie na wapi azitunze, kama nahodha wa Lamu anayeijua mikondo ya mlango wa bahari wa kwao. Na hakuwa peke yake na maarifa hayo. Siku hizi zaidi ya watu 15,000 hujiandikisha, seremala na bingwa katika mbio zilezile, wakinyweshwa supu moto ya matunda ya porini vituoni. Marathoni za mijini pia huchanganya watu hivyo, nakubali, ila lami haimtaki kila mtu ajiamulie usiku uliotangulia atapaka nini. Kisha kuna kanuni ninayoipenda: medali hupewa anayemaliza ndani ya muda wa mshindi ukiongezwa nusu yake. Mwanakijiji hupimwa kwa bingwa, na bingwa akienda mbio sana, humnyima jirani yake medali.

Wapo wanaosema kushindana nyumbani ni kupendelewa. Historia haiwaungi mkono sana. Mwaka 1994 huko Lillehammer, Norwei iliikosa dhahabu ya mbio za kupokezana za wanaume mbele ya umati wa kwao, Silvio Fauner wa Italia akimtangulia Bjørn Dæhlie kwa sekunde 0.4. Ni kweli, mwaka 2025 Johannes Høsflot Klæbo alishinda mbio zote 6 za ubingwa wa dunia mjini Trondheim, mji aliokulia. Nyumbani, basi, hapatoi ushindi wa uhakika. Panatoa watazamaji wasioweza kudanganywa: mtu aliyeteleza mlima uleule wiki iliyopita anajua nani amekosea nta na nani amechoka tu. Kusifiwa na watu hao kuna ladha yake, na kushindwa mbele yao kunauma zaidi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba nyumbani huweza kufunga mlango. Margit Nordin alimaliza Vasaloppet mwaka 1923. Mwaka uliofuata wanawake wakakatazwa, na hawakuruhusiwa rasmi hadi 1981. Hilo halina utetezi. Tena theluji yenyewe si ya kutegemewa: mwaka 1990 mbio zilifutwa kabisa kwa kuikosa, na mahali pengi sasa hutengenezwa kwa mashine. Hata hivyo theluji ya mashine nayo huganda na kulowa kwa hali ya hewa ya mahali pake. Na tangu shirikisho la kimataifa la skii lilipopiga marufuku nta zenye florini, kuanzia msimu wa 2023/24, kemikali ya bei kali imeondoka njiani na maarifa yamepata nafasi zaidi.

Asiye na theluji kwao hulipa gharama inayoonekana. Mkenya Philip Boit, mkimbiaji aliyepelekwa Ufini mwaka 1996 kujifunza skii, alimaliza wa 92, wa mwisho, katika kilomita 10 za Nagano mwaka 1998, na Dæhlie, aliyeshinda, akamngoja mstarini amkumbatie. Watu husimulia wema huo, na wana haki. Mimi naona pia fundi akimtambua mwenzake: pumzi Boit alikuwa nazo, alichokosa ni miaka ya theluji ya nyumbani. Alirudi Olimpiki mara mbili zaidi, Salt Lake City mwaka 2002 na Torino mwaka 2006.