Bamba la Kukutosha

Fundi wa kuchapa nguo anayeijua kazi yake haanzi na mashine. Huanza na mgongo wa mvaaji. Chukua jezi ya timu ya kijiji huko Midia, wilayani Koboko. Tangu Onduparaka ya Arua ipande Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016, sidhani kuna kijana wa West Nile anayeridhika na jezi isiyo na jina. Jina hukaa juu, namba chini yake. Tarakimu zikiwa na kimo cha sentimita 25, ukiongeza jina na nafasi iliyo katikati, chapa nzima inafika sentimita 35 hivi. Bamba la presi ya joto la sentimita 38 kwa 38 linaitosha kwa hesabu ya rula tu. Kingo za bamba huwa na joto pungufu kuliko katikati, na mwenye busara hazihesabu sentimita mbili za mwisho kila upande. Zinabaki 34. Hiyo moja iliyopungua ndiyo herufi itakayoanza kubanduka baada ya kufuliwa mara tatu.

Basi si anunue tu presi kubwa kuliko zote? Wengi hufanya hivyo, na wauzaji hawawakatazi. Lakini mkono unaovuta mpini ni uleule. Bamba la 40 kwa 60 lina sentimita za mraba 2,400. Lile la 38 lina 1,444. Nguvu ileile ikitandazwa juu ya bamba kubwa, kila sentimita inapata kama asilimia 60 ya mgandamizo iliokuwa ikipata. Fundi itabidi akaze skrubu na kuulalia mpini, fulana baada ya fulana, mpaka jioni bega limwambie alichonunua.

Nguo zenyewe nazo zina ubishi wake. Koboko ina makazi ya wakimbizi ya Lobule, wengi wao Wakongo, na penye wakimbizi pana mashirika, na penye mashirika pana vizibao vyenye nembo na mifuko isiyokwisha. Nembo ya kifuani ina sentimita kumi tu. Ukikifunika kizibao kizima kwa bamba pana, zipu na mishono vinalibeba juu, na nembo iliyo bondeni haiguswi. Kwa fulana ya mtoto ni hivyohivyo: kola inaingia chini ya moto bila kualikwa. Hapo bamba dogo linashinda, au basi nguo ivalishwe kwenye meza ya presi ili mishono ining'inie nje.

Halafu umeme. West Nile ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta na kituo kidogo cha Nyagak karibu na Paidha, chenye megawati 3.5. Mashine ya wati 2,000 hupewa kipimo hicho kwa volti 240. Umeme ukiyumba na volti zikashuka hadi 200, mtu angedhani joto limepungua kwa sehemu moja ya sita. Sivyo: nguvu ya koili hufuata mraba wa volti, kwa hiyo zinabaki wati 1,390 hivi. Bamba kubwa lililonyonywa joto na fulana ya kwanza linachukua muda kurudi kwenye nyuzi 160 ambazo vainili ya majina na namba inazitaka. Asiye na subira anaweka ya pili, kisha ya tatu, na oda nzima inatoka mbichi.

Ninachokisifu katika kazi hii ni uangalifu wake usioonekana. Kabla ya kuwasha umeme, fundi mzuri hukata vipande vinne vya karatasi, huviweka kwenye pembe nne za bamba huku ncha zikichomoza, hufunga presi, kisha huvuta kimoja kimoja. Kinachoteleza kimemwonyesha pembe isiyobana. Msimu wa mvua pamba huwa imekunywa unyevu. Huigandamiza tupu kwa sekunde tano, mvuke unatoka, ndipo anaweka chapa. Wanawake wanaotarizi mashuka ya milaya hukuhesabia kila mshono, nawe unauona. Hapa kazi yote imejificha ndani ya sekunde kumi na tano, na mteja anadhani mashine ndiyo iliyofanya.

Kuna wanaotamani jezi ya rangi mwili mzima. Hiyo ni njia nyingine, ya rangi zinazogeuka mvuke na kuingia ndani ya poliesta, ambayo Mfaransa Noël de Plasse aliifungulia mlango mwaka 1957. Inataka nyuzi 200 kwa karibu dakika nzima, na pamba haikubali kabisa. Jezi ya namna hiyo hukatwa vipande, huchapwa, ndipo hushonwa. Kwa hiyo bamba la mita moja linamfaa mwenye cherehani na washonaji. Kwa anayenunua fulana zilizokwisha kushonwa ni deni lenye miguu minne.

Kwa duka la Koboko au Midia, mimi ningechagua presi ya 40 kwa 50, ambayo bamba lake la juu huzungushwa kando ili mikono isiungue na nguo ipangike vizuri. Inaumeza mgongo wa mchezaji, na nembo inaiweza kwa kuwekewa kimto chini ya kifua. Kepu zinataka bamba lake lililopinda, na hilo linaweza kusubiri pesa za jezi.