Pongezi kwa Mkaguzi wa Magari

Katika yadi za magari ya mitumba za Ngong Road, Nairobi, kila gari hung'aa, na ndiyo maana namstahi sana mkaguzi wa kujitegemea anayelala chini yake kabla pesa hazijatoka mfukoni. Hutafuta chesisi iliyochomelewa, hulinganisha nambari yake na ya kitabu cha umiliki, hupima unene wa rangi ili kufichua ajali iliyofunikwa. Wapo wasemao gari la Japani tayari lilikaguliwa kwa masharti ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) kabla ya kupakiwa melini. Kweli, lakini cheti cha ukaguzi huo hakijui barabara lilizopita tangu hapo. Na ada ya mkaguzi wangu? Ni ndogo ukilinganisha na hasara anayokuepusha, kwani gari likiibwa, kampuni ya bima hutazama thamani halisi ya gari, si bei uliyodanganywa ukalipa.