Dawa ya Minyoo na Maneno ya Jirani

Wazazi wawili majirani wamekubali watoto wao wapewe dawa ya minyoo shuleni. Je, mmoja kamshawishi mwenziwe? Mtafiti akiharakisha kujibu ndiyo, amepotea. Majirani huteka maji kisima kimoja, humsikiliza mwalimu mkuu yule yule, na pengine walipendana kwa kuwa fikra zao zilikuwa moja tangu awali. Waarabu wa Pemba hujuana kwa vilemba. Marafiki kufanana hakuthibitishi kwamba mmoja kamwambukiza mwingine.

Watafiti Michael Kremer na Edward Miguel walilifungua fundo hili Busia, magharibi mwa Kenya, na kwangu mimi kazi yao bado ni safi kuliko nyingi zilizofanywa baadaye mtandaoni. Mradi wa dawa ya minyoo ulihusu shule za msingi 75. Kwa kuwa zisingeweza kuanza zote pamoja, ziliorodheshwa kanda kwa kanda, kisha zikahesabiwa moja, mbili, tatu. Kundi la kwanza lilipata dawa 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Hiyo si bahati nasibu kamili, na wakosoaji wamelisema hilo. Lakini hesabu hiyo haijui nani ni rafiki wa nani.

Mwaka 2001 wazazi wa makundi mawili ya mwisho waliulizwa: huzungumza na nani mara kwa mara? Wakataja marafiki, wakataja jamaa, na wengine wenye watoto katika shule za jirani. Kisha likaja swali lenye uzito: watoto wa hao wanasoma wapi? Shule za Busia ziko karibu karibu, kwa hiyo mzazi mmoja huwa na watu wake katika shule kadhaa, baadhi zilizotangulia kupata dawa, baadhi zilizochelewa.

Hapa ndipo wengi wangeteleza. Ukihesabu tu watu walio katika shule zilizotangulia, utakuta mwenye jamaa wengi anao wengi kila upande, na mtu wa namna hiyo ni tofauti na mpweke kwa mambo mengi. Kwa hiyo watafiti walilinganisha wazazi wenye idadi sawa ya watu. Chukua wawili, kila mmoja ametaja watu kumi. Wa kwanza ana wanne katika shule zilizotangulia, wa pili ana wawili. Tofauti hiyo ya wawili haikuletwa na tabia zao. Imeletwa na ile moja, mbili, tatu.

Matokeo yaliwageukia waliotarajia habari njema zisambae. Kila mtu mmoja zaidi katika shule zilizotangulia alipunguza uwezekano wa mtoto kumeza dawa kwa pointi 3.1 za asilimia. Si uvumi. Tumbo kuuma baada ya kumeza lilionekana siku ile ile, ilhali sehemu kubwa ya faida iliwaendea wengine: mtoto aliyetibiwa hasambazi mayai ya minyoo, na jirani hunufaika hata bila kumeza kidonge. Rafiki alisimulia alichokiona.

Sasa tazama jaribio la Facebook, Marekani, siku ya uchaguzi, 2 Novemba 2010. Watu wazima kama milioni 60 walionyeshwa kikumbusho cha kupiga kura pamoja na picha za marafiki waliobonyeza kitufe cha kusema wameshapiga. Wengine 611,000 hivi walipata kikumbusho bila sura yoyote, na 613,000 hivi hawakuonyeshwa kitu. Kisha majina yalilinganishwa na daftari za wapiga kura. Kikumbusho kitupu hakikusogeza mtu; chenye sura kiliongeza upigaji kura kwa pointi 0.39 tu za asilimia, na athari iliyovuka kwenda kwa wengine ilipitia zaidi marafiki wa karibu.

Bila daftari zile, watafiti wangeamini kitufe cha “nimepiga kura”, ambacho wapo waliokibonyeza bila kwenda kituoni. Busia nako kidonge kilihesabiwa shuleni, siku ya kugawa.

Kwa hiyo ukiletewa ripoti ya kampeni inayojisifu kwamba ujumbe umewafikia maelfu na kuwabadili, waombe walioiandika wakuonyeshe ambao hawakupelekewa, na walifanya nini.